Yule Niliyemtoa Taita

Mimi ndiye yule mtu wa Ziwani, mtaa wa hapa Nairobi, aliyeingia katika posa ya jirani yake akasema maneno yaliyokaribia kumkosesha binti wa watu mume, na ninaliandika jambo hili kwa mkono wangu mwenyewe kwa sababu nimekwisha kulisikia likisimuliwa Pumwani kwa namna tatu, na katika zote tatu mimi ni mlevi. Sikuwa mlevi. Sinywi. Nilikuwa natafuta chura, na aibu yangu inatosha jinsi ilivyo bila kuongezewa pombe.

Nianze na kazi yangu, msije mkanifikiria vibaya kabla ya wakati. Nilisoma mpaka darasa la nne katika shule ya misheni kule kwetu Maragoli, nikaja Nairobi, nikafagia maofisi, kisha nikapata kazi kwa mzungu mmoja ambaye sisi wote humwita Bwana Miwani, naye ni mtaalamu wa vyura. (Ndiyo, vyura. Mke wangu Rebeka huwaambia watu kanisani kwamba nafanya kazi ya ofisi.) Bwana Miwani hupanda milima yenye misitu na baridi akitafuta vyura ambao hakuna mtu aliyepata kuwaandika kitabuni, kwa maana chura wa mlimani hawezi kushuka kwenye nchi ya joto na vumbi akavuka mpaka mlima mwingine, atakauka njiani, basi kila mlima unabaki na vyura wake tangu zamani sana, na wengine hawajapewa hata jina. Hivyo ndivyo alivyonieleza, nami nakubali kwa kuwa nimeona. Kazi yangu ni kubeba taa, kugeuza magogo, na kushika.

Sasa, katika milima ya Taita tulikuwa tumekwenda mara mbili, na mara zote mbili nilisikia sauti. Ilikuwa kama mtu anayepitisha ukucha juu ya meno ya kitana, polepole, halafu anasita kama aliyesahau jambo, halafu anarudia. Nikamwambia Bwana. Akasema ni yule mdogo wa kahawia tunayemjua. Nikasema, "Bwana, yule tunayemjua hasiti." Akanitazama juu ya miwani yake, wala simlaumu, maana yeye amesoma vitabu vya kujaza kabati na mimi nimesoma kitabu cha kusomea na Injili ya Marko, na kwa kweli hata mimi mwenyewe nilikuwa nikilala najiuliza kama si masikio yangu yanayonichezea. Lakini alifanya jambo la haki, na la haki naliandika: aliniandikia barua ya ruhusa (miaka hii ya Hali ya Hatari, mtu mweusi hata akibeba chura anahitaji barua) akaniambia, "Zakaria, nenda peke yako. Niletee mmoja, lakini awe hai, nimsikie kwa masikio yangu na nimchore kabla rangi zake hazijapotea. Akifa, nitabaki na ngozi tu, na ngozi yake na ya yule mwingine ni pacha."

Nilikaa msituni siku tano na nikampata mmoja. Alikuwa mdogo, wa kuenea juu ya kidole gumba, mwenye vipele mgongoni, tena haruki, anatembea tu kama mzee anayekwenda msalani. Katika kazi yangu yote hakuna aliyepata kuchukua neno langu akalipima, na sasa neno langu lilikuwa limekaa ndani ya mkebe wa biskuti uliotobolewa matundu. Nikapanda treni ya usiku pale Voi, chini ya milima hiyo ya Taita, nikiwa nimempakata, sikufumba jicho, na Jumamosi asubuhi nikafika Nairobi.

Bwana Miwani alikuwa Limuru mpaka Jumatatu na chumba chake cha kazi kilifungwa. Basi nikamleta nyumbani.

Hapo lazima niseme kwamba Rebeka alikuwa amekwisha kunipa onyo siku nyingi. "Siku atakayoingia chura kwa mlango huu," alisema, "mimi nitatokea dirishani, na sitarudi." Kwa bahati (niliita bahati) siku hiyo alikuwa amekwenda sokoni. Lakini jua la Nairobi lilikuwa limeanza kuwaka juu ya paa, mkebe ukawa moto kama kikaango, nikaufunua nikamkuta rafiki yangu amenyoosha miguu, macho nusu yamefumba, koo halichezi. Nilishtuka sana. Nikatazama huku na huku, macho yangu yakaangukia birika jipya la Rebeka, lile la wageni. Hebu lifikirie birika kwa akili ya mtu wa vyura: ndani ni giza na baridi, kifuniko kinakaza, hewa inaingia kwa mdomo, na pale mdomo unapoanzia kuna vitundu vidogo vya kuzuia majani ya chai, kwa hiyo hata akitaka kutoroka hawezi. Kama lingetengenezwa kwa ajili yake lisingekuwa bora zaidi. Nikatia maji ya mtungi kidogo, nikatia yale majani yake mabichi ya Taita, nikamtia yeye, akatulia vizuri, koo likaanza kucheza. Nikaliweka birika chini ya meza kivulini, nikajiambia nitamweleza Rebeka akirudi, nikajilaza kidogo kwenye kiti.

Nikalala fofofo. Kosa langu lote liko hapo, halipo kwa mtu mwingine.

Kwa sababu siku hiyo nyumba ya pili kulikuwa na posa. Jirani yetu ni fundi cherehani, mtu mtulivu, na mkewe ni Mama Zuhura, na binti yao Zuhura alikuwa anakuja kuposwa na watu wa Pumwani. (Zuhura, na hili mlishike, alikuwa amekaa mwezi mzima Voi kwa shangazi yake, na alirudi kwa treni wiki hiyohiyo.) Na huku kwetu mwenye shughuli haombi vyombo. Mstari mzima wa nyumba unatoa jikoni mwake, sufuria, sinia, mabirika, kila kimoja na alama yake ya uzi au rangi ili kesho kirudi kwao, nasi Wakristo tunatoa kwa Waislamu na Waislamu wanatoa kwetu, hiyo haina mjadala. Rebeka aliporudi alimkuta Mama Zuhura mlangoni anahema, akaingia, akaliona birika, akalitoa. "Hata lina maji tayari," alisema. Yeye alitenda wema wa jirani, wala hakuwa na sababu ya kuchungulia ndani ya birika lake mwenyewe.

Nilipoamka nikatazama chini ya meza.

"Rebeka, birika liko wapi?"

"Limekwenda kwa Mama Zuhura."

"Limekwenda kufanya nini?"

"Zakaria, birika hufanya nini? Limekwenda kuhubiri?"

Kama ningalimwambia ukweli dakika ile, mambo yangaliishia hapo. Nilitoka mbio na soksi moja.

Njiani (ni hatua ishirini, lakini mtu mwoga huwaza mengi katika hatua ishirini) nilikata shauri langu la pili, nalo lilikuwa baya kuliko la kwanza: neno chura lisitoke kinywani mwangu. Nani atakunywa chai katika nyumba ambayo mabirika yake yana vyura? Wageni wangeondoka na posa ingevunjika kwa ajili yangu. Nitalichukua birika kimya kimya, nikasema moyoni, kama mtu mstaarabu.

Nikapita uani. Kumbe uani ni kwa wanawake. Walikuwa kama kumi, wakajifunika kanga kwa pamoja.

"Jirani!" Mama Zuhura akasema. "Wanaume wako mbele. Huku umefuata nini?"

"Birika letu, Mama Zuhura."

"Leo? Umekuja kulidai birika leo, na mkeo amelitoa kwa mikono miwili?"

"Silidai. Nataka kulitazama tu."

Mwanamke mmoja akasema, "Mwacheni alitazame, labda amelikumbuka," wakacheka. Mabirika yalikuwa saba, mawili yako juu ya jiko yanachemka. Nilifunua yale ya jikoni kwanza, na nakiri nilifunua nikiwa nimefumba macho. Chai. Chai. Nikafunua mengine, nikiingiza pua ndani ya kila moja, na wale mama sasa wananitazama vile mtu anavyomtazama jirani aliyerukwa na akili. Halikuwapo lenye uzi mwekundu wa Rebeka.

"Lile lenu limekwenda mbele," akasema Mama Zuhura kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa. "Wanawishwa wageni."

Nikazunguka. Chumbani mbele wageni walikuwa wamekaa mkekani, watu sita wa Pumwani wenye kanzu zilizopigwa pasi, masinia yao yamefunikwa vitambaa, na katikati mshenga wao, mzee wa ndevu nyeupe na sauti ya taratibu, alikuwa ndiyo kwanza anamaliza maneno yake ya kuomba. Fundi cherehani alikuwa akitabasamu. Nikasalimu, wakaitikia.

"Karibu, Bwana Zakaria, ukae," fundi akasema.

"Sikai, jirani. Samahani, wazee wangu. Nimemfuata yule wangu. Amechukuliwa kwangu kwa makosa akaletwa hapa."

Mshenga akaniinulia uso. "Nani aliyechukuliwa?"

"Yule mdogo," nikasema, nikiinama huku na huku kutafuta birika nyuma ya magoti ya watu. "Niliyemtoa Taita. Nimekuja naye kwa treni mwenyewe, usiku kucha nimempakata."

Wakanitazama wote. Mimi nikadhani wananisikiliza kwa huruma, nikaendelea. Na Kiswahili chetu, ndugu zangu, ni lugha nzuri lakini siku ile ilinisaliti, maana chura ni "yeye" na binti ni "yeye", chura ni "yule" na binti ni "yule".

"Nilimficha ndani asubuhi hii hii," nikasema. "Mke wangu hajui. Ningemwambia asingekubali kabisa alale mle nyumbani. Kuna mzungu anamngoja Jumatatu, anataka kumwona akiwa mzima, asiwe ameguswaguswa na watu."

Fundi cherehani alisimama. Sijapata kumwona mtu mtulivu akisimama namna ile. "Zakaria! Unasema nini mbele ya wageni wangu?"

"Tulia, baba," mshenga akamwambia, kisha akanigeukia mimi, taratibu, kama hakimu. "Bwana, huyo unayemsema ana jina?"

"Bado, mzee. Hilo ndilo tunalolitafuta. Ikionekana si wa aina inayojulikana, huyo mzungu atampa."

Mmoja wa wageni, mjomba wa bwana harusi, akaanza kukusanya masinia. "Tufunike, twendeni," akasema. "Msichana wa kupewa jina na mzungu sisi hatumwezi." Nyuma ya pazia nikasikia mwanamke akipiga ukelele. Ndipo akili yangu ilipoamka, nikaona kile walichokuwa wakikiona wao, jasho likanitoka mpaka ndani ya ile soksi moja. Nilijua nikisema ukweli huenda birika litamwagwa nje na neno langu lote la Taita likakauka uani, na nisiposema, Zuhura ataharibikiwa, naye hajanikosea kitu. Nikapiga kelele:

"Ni chura! Wazee, huyo ni chura!"

"Mnasikia?" mjomba akasema. "Sasa anamtukana binti wa watu!"

Nadhani ningepigwa, na ningestahili. Lakini kijana aliyekuwa akiwanawisha wageni alikuwa bado amesimama pale pembeni, penye mvuke wa chai unaoingia kutoka uani, na birika mkononi, haoni pa kuliweka (na kwa haki niseme, wageni wawili walikuwa wamekwisha kunawa), na kutoka ndani ya birika lile, kwa mdomo, ikatoka sauti. Krrrrr. Ikasita. Krrrrr. Birika liliikuza, ikajaa chumba kizima. Kijana alitaka kulitupa, nikamrukia nikalishika kwa mikono yote miwili, nikafungua kifuniko, nikamwonyesha mshenga.

Mshenga alichungulia muda mrefu. Ikaja tena: krrrrr, ikasita, krrrrr.

"Huyu umesema ni chura?" akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Mimi nimekaa kando ya mto Nairobi tangu ujana wangu. Vyura nawajua. Huyu halii kama chura. Huyu analia, kisha anafikiri, kisha analia."

"Ndiyo!" nikasema, na Mungu anisamehe, nilisahau posa, nilisahau aibu, nilimshika mzee wa watu bega. "Ndivyo ninavyosema tangu mwaka jana! Anasita! Umemsikia akisita?"

"Nimemsikia."

Hapo sauti ya Zuhura ikatoka nyuma ya pazia, yenye adabu, lakini yenye kicheko ndani yake. "Baba, niwieni radhi. Mwulizeni Bwana Zakaria, huyo aliyempakata ni mume au mke?"

"Dume," nikajibu. "Wanaoimba ni madume."

"Basi mimi siye."

Mjomba alikuwa wa kwanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya kitambaa cha sinia, na wengine wakafuata, na fundi akaketi akifuta uso kwa kofia yake, na kule uani wakapiga vigelegele bila kujua wanapigia nini. Mshenga akaamuru maji yamwagwe, mikono inawishwe upya kwa maji mengine, na chura arudishiwe mwenyewe, "maana sisi katika dini yetu tumekatazwa kumwua." Kisha akaniuliza, kwa upole, "Na huyo mzungu akishamsikiliza?" Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia kweli, kwamba atawekwa katika chupa ya spiriti, kwa kuwa kitabu kinadai awepo mmoja wa kuonyeshwa siku zote. Akatikisa kichwa. "Ningekuwa mimi ningemrudisha," akasema, asiongeze. Neno hilo nimelifikiria sana na sijalipatia jibu.

Posa ikakubaliwa siku hiyohiyo. Nilipogeuka nitoke, Rebeka alikuwa mlangoni, mikono kiunoni, na nyuma yake nusu ya Ziwani.

"Mke wangu hajui," akasema, akiniiga sauti. "Haya. Sasa anajua."

Hakutokea dirishani. Lakini tulilala, yeye kitandani, mimi na birika jikoni.

Jumatatu nikamfikisha kwa Bwana Miwani akiwa hai. Na kwa kuwa mimi ndiye mimi, chura akanyamaza. Saa nzima, saa mbili, Bwana ameketi na daftari lake, mimi nimesimama nikianza kuamini kwamba watu wa posa na mimi tulipatwa na wazimu mmoja. Mwisho nikasema kwa sauti ndogo, "Bwana, huyu huimba ndani ya birika. Pakiwa na mvuke." Bwana akanitazama juu ya miwani. Kisha akaenda mwenyewe kuchemsha maji, akaweka sufuria karibu, tukamrudisha chura birikani, tukakaa kimya kama watu wa kanisani.

Krrrrr. Akasita. Krrrrr.

Bwana aliandika, akasikiliza tena, akaandika. Alimchora siku nzima, mgongo, tumbo, vidole vyote, na jioni akaniambia mambo yalivyo, nami nayaandika bila kuyatia chumvi: mmoja hatoshi, lazima wapatikane wengine, waume na wake, lazima walinganishwe na wale waliohifadhiwa Ulaya, barua zitakwenda na kurudi, labda mwaka, labda zaidi, na huenda mwishowe ikaonekana alikwisha kuandikwa na mtu mwingine zamani. "Lakini anasita," akasema, akifunga daftari. "Ulisema anasita, Zakaria, nami sikusikia." Alipochukua chupa ya spiriti niliomba nitoke nje, akaniruhusu.

Juma lijalo narudi Taita na barua mpya. Zuhura ataolewa nikiwa huko, na mama yake amekwisha kumwambia Rebeka kwamba mabirika ya kwetu safari hii yabaki kwetu. Mimi nimeapa, mbele ya mke wangu na mbele ya fundi cherehani, kwamba tangu sasa sitamsema kiumbe yeyote "yule" wala "wangu" kabla sijamtaja kwanza ni mnyama gani, na Rebeka ameniwekea sharti lake juu ya hilo. Kila nikitoka na kikapu lazima nisimame mlangoni nitangaze, majirani wote wasikie. Nimefanya mazoezi leo asubuhi.

"Naenda Taita," nikasema, "kuleta vyura."

"Sauti, Baba!" Mama Zuhura akaita toka nyumba ya pili. "Kuleta nani?"

"Vyura!" nikapaza. "Waume na wake! Vyura!"

Mstari mzima ukaitikia amina.